Aliyeuliza Kwanza: Mjadala Kuhusu Michoro ya Awali ya Filamu za Kisayansi

Hoja iliyo mezani ni kwamba ulimwengu unaoonekana katika filamu ya kisayansi huzaliwa katika mchoro wa dhana, na kwamba kwa sababu hiyo mchoraji anastahili kuhesabiwa miongoni mwa watunzi wa filamu badala ya kuachwa katika orodha ndefu ya wasaidizi. Mchoro wa dhana ni picha inayochorwa kabla ya kamera kuwashwa, mara nyingine hata kabla ya mswada kukamilika, ili mwongozaji, watayarishaji na mafundi wapate kuona kitu ambacho bado hakipo: chombo cha angani, mji wa karne ijayo, kiumbe ambaye hakuna mtu aliyewahi kukutana naye. Katika filamu inayosimulia maisha ya kila siku kazi hiyo huwa nyepesi, kwani mlango, kiti na barabara vinajulikana na wote. Lakini katika bunilizi ya kisayansi, yaani utunzi unaosimamisha masimulizi yake juu ya sayansi na teknolojia iliyopo au inayowaziwa, hata kijiko cha mezani hakina budi kuamuliwa na mtu. Wazungumzaji ni wanne: Mtetezi wa hoja, Mpinzani, anayeshikilia kwamba filamu ni kazi ya maamuzi wala si ya michoro, Fundi, anayesema kwa niaba ya wanaochonga, wanaoshona na wanaojenga, na Mtazamaji, anayeiangalia kazi hii yote akiwa Afrika Mashariki. Sauti hizo nne zimebuniwa kwa ajili ya mjadala huu, ila filamu na watu wanaotajwa ni wa kweli.

Mtetezi: Ralph McQuarrie alikuwa mchoraji wa michoro ya kiufundi katika kampuni ya ndege ya Boeing, na baadaye alichora picha zilizotumiwa na televisheni ya CBS kuwafafanulia Wamarekani safari za Apollo za kwenda mwezini. Mwaka 1975 George Lucas, akiwa na mswada uliokuwa ukibadilika kila mara, wa hadithi ambayo studio mbili zilikuwa zimeikataa kabla ya 20th Century Fox kuikubali, alimpa kazi ya kuchora baadhi ya matukio ya filamu iliyokuja kuitwa Star Wars. Picha mojawapo inaonyesha roboti wawili jangwani, mmoja mrefu wa rangi ya dhahabu na mwenzake mfupi kama pipa. Nyingine inaonyesha pambano la panga za mwanga ndani ya ujia wa chombo, na mmoja wa wapiganaji amevaa joho jeusi na barakoa iliyoufunika uso wote. Kwa maelezo ya McQuarrie mwenyewe, barakoa hiyo ilitokana na swali dogo sana. Katika mswada aliopewa, mpiganaji huyo, Darth Vader, alitoka chombo kimoja na kuingia kingine kwa kupita kwenye anga tupu, na mchoraji, aliyezoea kuchora vipuri ambavyo ni lazima vifanye kazi, akajiuliza: anapumuaje? Lucas akalikubali jibu. Tukio la kuvuka anga halimo katika filamu iliyotoka mwaka 1977, lakini barakoa ilibaki. Fundi sauti Ben Burtt akarekodi pumzi za mtu huyo kupitia kifaa cha wapiga mbizi. Na hatimaye deraya yote ikafanywa kuwa mashine inayomweka hai mtu aliyeungua, jambo ambalo filamu ya mwaka 2005 ilikuja kulionyesha kinagaubaga. Mkasa wa mhusika huyu, ulioenea katika filamu kadhaa, ulichipuka kutoka katika swali la mtu aliyeshika brashi. Kama huo si utunzi, basi neno hilo limebanwa mno.

Mpinzani: Mfano huo ni mzuri, ila unasimulia nusu ya habari. Lucas ndiye aliyetaka mtu mrefu mwenye mavazi meusi, ambaye joho lake linapepea, na ndiye aliyependekeza kofia ifuate umbo la kofia ya vita ya samurai, yaani askari wa tabaka la juu katika Japani ya kale. Barakoa ingebaki karatasini kama asingesema ndiyo, na ipo michoro mingi mno ambayo aliisemea hapana. Colin Cantwell, aliyejenga modeli za mwanzo za vyombo vya Star Wars, alibuni chombo kirefu kilichokusudiwa kuwa Millennium Falcon, chombo cha mashujaa wa filamu. Wakati huohuo tamthilia ya televisheni iitwayo Space: 1999 ikaanza kuonyeshwa ikiwa na chombo kilichofanana nacho, na Lucas akaamua kuachana na umbo lile, chombo cha Cantwell kikapewa binti mfalme katika tukio la kwanza la filamu, naye Joe Johnston akachora Falcon mpya ya mviringo ambayo leo watoto wa dunia nzima wanaitambua. Ni mchoro upi hapo uliozaa filamu? Kilichozaa filamu ni uamuzi wa kutupa, kuhamisha na kuchagua, nao ulifanywa na mtu mmoja aliyebeba hadithi nzima kichwani. Mchoraji huleta kumi, mwongozaji huacha tisa, na mtazamaji huuona ule mmoja uliobaki.

Mtetezi: Kuacha tisa ni kazi, hakuna anayekataa, lakini haiwezekani kuacha kisichokuwepo. Mpinzani angefanya vyema kumtazama Chewbacca, kiumbe mwenye manyoya aliye rafiki wa mashujaa wa Star Wars. McQuarrie alianza na kiumbe mwenye macho makubwa, anayekaribiana na komba wa usiku, kisha Lucas akampa mchoro wa John Schoenherr uliochapishwa katika jarida la Analog mwaka 1975 ukiandamana na hadithi ya George R. R. Martin, na umbo la rafiki huyu mwenye manyoya likageuka kufuata mchoro ule. Mpinzani atasema kwamba huo ni ushahidi wa uwezo wa mwongozaji kuchagua. Sawa, lakini alichokichagua nacho ni mchoro, wa mtu ambaye hakuwa ameajiriwa na filamu hiyo. Na yule komba aliyekataliwa hakufa: mwaka 2014 alirudi akiwa mhusika kamili aitwaye Zeb katika mfululizo wa katuni wa Star Wars Rebels. Ukurasa uliotupwa ulikaa karibu miaka 40 ukiwa bado na uhai wake. Maamuzi ya mwongozaji hufungwa na filamu moja, ilhali mchoro huweza kuivuka.

Hapa Fundi anaomba nafasi, na inafaa apewe mapema, kwa kuwa mijadala ya aina hii huwa na tabia ya kugawanya heshima kati ya anayewaza na anayeamuru, huku wanaotengeneza wakiachwa nje.

Fundi: Mchoro una upande mmoja. McQuarrie alimchora Vader akiwa amesimama, akitazamwa kutoka mahali pamoja, na karatasi haikulazimika kusema kisogo kikoje, mvaaji anaingiaje ndani ya kofia, anaonaje mbele, wala atapandaje ngazi. Majibu hayo yalipatikana Uingereza, katika studio za Elstree, ambako mchongaji Brian Muir alifinyanga kofia na deraya kwa udongo juu ya umbo la plasta lililotolewa katika mwili wa David Prowse, mnyanyua uzani aliyekuwa mwili wa Vader, kabla sauti ya James Earl Jones haijaongezwa. Kila mfinyo wa shavu la barakoa ile, kila mahali kivuli kinapotua, ni uamuzi wa vidole. Tena kuna jambo ambalo Mtetezi amelipita haraka. Roboti wa dhahabu katika picha ya jangwani ni mjukuu wa mwanamke wa chuma katika filamu ya Kijerumani ya Metropolis, iliyoongozwa na Fritz Lang na kuonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1927. Naye mwanamke yule alitengenezwa na mchongaji Walter Schulze-Mittendorff, aliyeunda vipande vyake juu ya nakala ya plasta ya mwili wa mwigizaji Brigitte Helm. Kwa hiyo mkono wa fundi ulitangulia, mchoro ukafuata, kisha mkono wa fundi mwingine ukaupokea. Anayetafuta chanzo karatasini ameanza kuhesabu kutoka katikati.

Mtetezi anakubali jambo hilo kwa sehemu, ila analijibu kwa habari ya Anthony Daniels, mwigizaji aliyevaa umbo la C-3PO, yule roboti wa dhahabu. Daniels hakuvutiwa na kazi ya kujificha ndani ya roboti, na ameeleza mara nyingi kwamba kilichomgeuza ni picha ya McQuarrie, ambamo uso wa chuma ulionekana kumtazama kwa unyonge. Wakati huo hapakuwa na udongo wala plasta, na maneno ya mswada yalikuwa yameshindwa kumvuta. Uso uliochorwa ndio uliompata mwigizaji wake.

Mjadala unapofikia filamu ya Alien, iliyotoka mwaka 1979 chini ya uongozi wa Ridley Scott, unapata kina zaidi, kwa sababu filamu hiyo iliwaweka chini ya paa moja wachoraji wenye fikra zinazopingana. Ron Cobb, Mmarekani aliyewahi kuwa mchora katuni wa magazeti, alibuni sehemu kubwa ya chombo cha Nostromo kwa kukifikiria kama mhandisi anavyofikiria meli ya mizigo: wapi mabomba yanapita, mlango upi unafungwa hewa ikitoroka. Alichora hata alama ndogondogo za kubandikwa kutani, zenye picha badala ya maneno, za kumwonyesha baharia palipo na hewa, palipo na baridi kali, na palipokatazwa. Alama hizo karibu hazisomeki katika filamu, lakini zinaufanya ukuta uaminike. Kwa upande mwingine alikuwepo H. R. Giger, Mswisi aliyechora kwa brashi ya hewa, yaani kifaa kinachorusha rangi kama ukungu, miili iliyochanganyika na mitambo hata ikawa haijulikani mfupa unaishia wapi na bomba linaanzia wapi. Jean Giraud, Mfaransa aliyetumia jina la Moebius, alibuni mavazi ya angani, na Mwingereza Chris Foss akachora vyombo vingi.

Mtetezi: Swali la Vader linarudi hapa kwa sura nyingine. Mwandishi Dan O'Bannon alikuwa na tatizo: mabaharia wamekutana na mnyama hatari, basi kwa nini wasimpige risasi hadithi ikaisha? Ni Cobb aliyependekeza kwamba damu ya mnyama iwe asidi kali inayoweza kutoboa sakafu hadi nje ya chombo, ili kumjeruhi kuwe sawa na kujizamisha. Filamu nzima imesimama juu ya jibu hilo. Linaamua kwa nini watu wale wanatambaa ndani ya mabomba wakiwa na vifaa vya kurusha moto, kwa nini wanaogopa hata kushinda. Mchora alama za ukutani ndiye aliyefunga mlango ambao mwandishi aliuacha wazi.

Mpinzani: Cobb apewe haki yake, lakini mfano wa Giger unaibomoa hoja. Picha iitwayo Necronom IV, ambamo kichwa kirefu cha yule kiumbe kilikwisha kuonekana, ilichorwa mwaka 1976 bila kukusudiwa filamu yoyote. Ilikuwa sanaa ya Giger na jinamizi la Giger, nayo ingeendelea kuwa picha katika kitabu kama O'Bannon asingemletea Scott kitabu hicho, na kama Scott asingeng'ang'ania kwamba kiumbe wake ni huyu na si mwingine. Zaidi ya hapo, Scott mwenyewe alisomea sanaa katika chuo cha Royal College of Art jijini London, na michoro yake ya mfuatano wa matukio, ile inayoonyesha picha moja baada ya nyingine jinsi kamera itakavyoona, ndiyo iliyoishawishi studio kuongeza bajeti kutoka dola milioni 4.2 hadi milioni 8.4. Modeli ya Nostromo ilikuja kwake ikiwa ya manjano, akaamuru ipakwe kijivu na baadhi ya minara yake iondolewe. Mwenye jicho la mwisho ndiye mtunzi.

Fundi: Na aliyebeba uzito ndiye anayesahauliwa. Giger alipofika studio za Shepperton aligundua kwamba brashi ya hewa haitoshi, akaanza kufanya kazi kwa mikono yake, akikusanya mifupa halisi na kuiunganisha na udongo na mabomba ili kuupata mwili aliokuwa ameuchora, huku Mwitaliano Carlo Rambaldi akitengeneza kichwa chenye taya ndani ya taya, kinachoendeshwa kwa nyaya. Kisha ukahitajika mwili wa mtu. Alipatikana Bolaji Badejo, mzaliwa wa Lagos aliyekuwa akisomea usanifu wa michoro jijini London, kijana mwenye urefu wa zaidi ya mita 2 na miguu myembamba mirefu ambayo ilimfanya mtazamaji asiamini kwamba ndani ya vazi lile yumo binadamu. Mkia haukumruhusu kukaa kitini, kwa hiyo alitengenezewa bembea ya kupumzikia kati ya picha na picha. Mwendo wa kiumbe yule, ule utaratibu wa kujikunjua unaotisha kuliko mbio, haumo katika picha yoyote ya Giger, kwa sababu picha haitembei.

Inasikitisha kwamba Badejo, aliyefariki mwaka 1992 akiwa hajafikisha miaka 40, hakucheza filamu nyingine, na kwamba wengi wanaolijua umbo lile hawajui kuwa kijana wa Kinijeria aliyesomea kuchora ndiye aliyelipa uhai. Mjadala wowote juu ya nani alitunga nini katika Alien unapaswa kumtaja.

Kuna habari nyingine ambayo pande zote mbili hujaribu kuivuta kwao. Katikati ya miaka ya 1970 mwongozaji Alejandro Jodorowsky, mzaliwa wa Chile, aliwakusanya Moebius, Foss, Giger na O'Bannon jijini Paris ili kuitengenezea filamu riwaya ya Frank Herbert iitwayo Dune, ya mwaka 1965. Moebius alichora takriban picha 3,000 za mfuatano wa matukio, Foss akabuni vyombo vya maharamia vyenye rangi kama za samaki wa matumbawe, na Giger akachora ngome ya ukoo wa Harkonnen. Studio za Marekani zilikataa kutoa fedha, na filamu haikupigwa. Mpinzani huona hapo ushahidi kwamba michoro 3,000 bila uamuzi wa mwenye fedha ni karatasi tu. Mtetezi huona kinyume chake, nayo tafsiri yake ina nguvu zaidi: O'Bannon alirudi Marekani mikono mitupu, akiwa hana kitu isipokuwa kumbukumbu ya picha za Giger, naye ndiye aliyeandika Alien na kuwaita tena Giger, Foss na Moebius. Filamu iliyokufa ilikwisha kuzaa nyingine, na kilichopita kati ya hizo mbili hakikuwa mswada wala mkataba, kilikuwa ni michoro na watu walioichora.

Mtetezi: Mwaka 1982 Scott huyohuyo alitoa Blade Runner, na Syd Mead, aliyeanzia kazi katika kampuni ya magari ya Ford, aliitwa kwanza kubuni magari peke yake. Mead hakuweza kuchora gari likiwa limening'inia katika weupe wa karatasi. Alilichora likiwa mtaani, kwenye mvua, chini ya majengo, na mtaa ule ukawa mji wa filamu. Swali lake lilikuwa la kiuchumi: ikiwa kubomoa jengo ni ghali, jengo la zamani litapataje umeme, maji na hewa ya karne mpya? Jibu ni kwamba vitaning'inizwa nje, bomba juu ya bomba, waya juu ya waya, mpaka ukuta wa awali upotee. Mtu yeyote anayeijua Kariakoo au mitaa ya katikati ya Nairobi, ambako matangi, nyaya za kuunganishia na viyoyozi vimeota juu ya kuta za miaka ya zamani, anaielewa mantiki hiyo bila kuelezwa. Ndiyo maana filamu nyingi za mijini zilizofuata zimeufuata mji ule: si kwa sababu ya taa zake, bali kwa sababu mji wenyewe unaeleza jinsi ulivyofika ulipo.

Mpinzani hana la kupinga juu ya Mead, ila anakumbusha kwamba mtaa wenyewe ulikuwa seti ya zamani katika viwanja vya Warner Bros. huko Burbank, ambayo mbunifu mkuu wa mandhari, Lawrence G. Paull, aliivika mabomba hayo, na kwamba moshi, mvua na usiku vilitumiwa pia kuficha ukuta ambao watazamaji walikwisha kuuona katika filamu nyingine. Ni ukumbusho wa haki.

Mtazamaji, aliyenyamaza muda wote, analeta jambo ambalo wenzake hawakuligusa.

Mtazamaji: Mtetezi anasema kwamba mchoro huuliza swali la kwanza. Basi inafaa kuuliza ni nani aliyekuwa chumbani swali likiulizwa. Kwa ajili ya filamu ya Black Panther ya mwaka 2018, Hannah Beachler aliandaa kitabu cha mwongozo chenye kurasa zaidi ya 500 kuhusu nchi ya kubuni ya Wakanda, mitaa yake, usafiri wake na historia yake, na mwaka 2019 akawa mtu mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Oscar ya usanifu wa mandhari, Ruth E. Carter naye akapata ya mavazi. Ni kazi iliyofanywa kwa upendo na kwa utafiti. Lakini humo wekundu na ushanga wa Wamaasai umevaliwa na askari wa kike wa mfalme, blanketi la Basotho limetupwa mabegani mwa walinzi wa mpaka, na Kixhosa ndicho lugha ya nchi nzima. Mtu wa Narok au Monduli anaona rangi zake, ila haoni swali lake. Ng'ombe wako wapi katika mji ule wa dhahabu, na ukame unapokuja, nani anahama na nani anabaki?

Mtetezi: Lawama hiyo ni nzito, lakini Wakanda ilibuniwa ili bara lililochorwa likiwa limeachwa nyuma lichorwe likiwa limetangulia. Kukusanya alama za mataifa mengi ilikuwa njia ya kusema kwamba hakuna taifa lililoachwa nje.

Mtazamaji: Huenda, na hakuna anayeomba kazi ile ifutwe. Hata hivyo, miaka 9 kabla yake, Wanuri Kahiu wa Kenya alikwisha kutengeneza Pumzi, filamu fupi ya dakika 20 hivi iliyopigiwa picha Afrika Kusini, inayosimulia watu waliojifungia baada ya vita vya maji. Hakuna mji wa dhahabu humo. Kuna mashine za mazoezi ambazo watu huzikanyaga ili kuzalisha umeme, na kuna chupa: jasho na mkojo hukusanywa, husafishwa, na kurudi kuwa maji ya kunywa, na kila tone linahesabiwa. Kila kitu ukutani na mkononi mwa mhusika mkuu, Asha, kinajibu swali moja: mtu atakunywa nini? Swali hilo linajulikana vizuri na mtu yeyote aliyewahi kupanga foleni ya madumu bombani. Mbunifu hakuhitaji kulitafuta maktabani.

Mpinzani: Hapo hoja ya Mtetezi inapoteza miguu yake, maana Kahiu ndiye mwandishi na ndiye mwongozaji. Swali na uamuzi vimekaa katika kichwa kimoja, na mchoraji wa pembeni hahitajiki kuelezea ukubwa wa kazi ile.

Mtetezi: La, hapo ndipo hoja inapothibitika, kwa sababu haidai kwamba mtu fulani mwenye cheo cha mchoraji asifiwe. Inadai kwamba kubuni umbo la vitu ni kufikiri hadithi, awe anayefikiri ni mwongozaji, mchoraji au fundi. Tatizo ni kwamba, panapokuwa na mchoraji wa pembeni, fikra zake huhesabiwa kuwa mapambo. Kwa sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1976, kazi iliyofanywa na mwajiriwa akiwa kazini huhesabiwa kuwa imetungwa na mwajiri. Kisheria kampuni ndiyo mtunzi. McQuarrie, ambaye picha zake zilimpa Vader pumzi na Daniels uso, katika Star Wars ametajwa kwa kazi ya vielelezo vya utayarishaji. Vielelezo huonyesha jambo lililokwisha kujulikana. Yeye alichora jambo ambalo hakuna mtu aliyekuwa amelijua.

Fundi: Mtetezi akishapanua hoja hadi hapo, basi aiangalie Neptune Frost ya mwaka 2021, ya Saul Williams na Anisia Uzeyman, iliyopigiwa picha Rwanda, ikisimulia Burundi, na ambamo Kirundi, Kinyarwanda na Kiswahili vinasikika pamoja na Kifaransa na Kiingereza. Humo kuna wachimbaji wa koltani, yaani madini yanayotumika katika simu na kompyuta, na kuna kijiji cha wadukuzi kilichojengwa kwa mabaki ya vifaa hivyohivyo. Cedric Mizero, msanii wa Rwanda, alitengeneza mavazi kwa vipande vya kompyuta, mbao za saketi, nyaya na vitufe, vikishonwa mwilini kama vito. Katika kazi ya namna hiyo, kitu chenyewe ndicho kinachomwonyesha mbunifu umbo lake. Takataka za mashine zimerudi zilikotoka madini, na mwili uliochimba ndio unaozivaa. Wazo lote la filamu limo katika vazi moja, nalo lilipatikana kwa kushika na kushona.

Mpinzani: Ikiwa vazi ni mchoro, na chupa ni mchoro, na udongo ni mchoro, basi kila kitu ni mchoro na hoja haina tena la kudai.

Mtetezi anajibu kwa kuipunguza hoja yake mwenyewe. Haombi tena kwamba kila mchoraji aitwe mtunzi. Anaomba kwamba pale ambapo jibu la mbunifu limebadilisha mwenendo wa hadithi, kama ilivyokuwa kwa barakoa ya kupumulia na damu ya asidi, jina lake liandikwe karibu na la mwandishi wa mswada na litamkwe hivyo katika mikataba. Na kwamba watayarishaji wa Nairobi, Kigali na Dar es Salaam, ambao bajeti zao haziwaruhusu kubuni kwa kujaribujaribu mbele ya kamera, wamwite mbunifu siku mswada unapoanza kuandikwa, si wiki moja kabla ya kupiga picha. Mpinzani anakubali sharti la pili bila kusita. La kwanza analikataa bado, akisema kwamba haliwezi kupimwa, kwa kuwa katika chumba cha kazi hakuna anayeandika ni nani aliyeuliza swali gani na saa ngapi. Fundi anamjibu kwamba wapo wachoraji wanaoandika maelezo pembeni mwa michoro yao, na kwamba karatasi hizo, pale zinapohifadhiwa, zinaweza kusaidia kuonyesha hivyo.